Dripu Nane za Bikira

Wanaume wa mji mdogo wa Ypacaraí ni wabishi, lakini kwenye kiti cha Fulgencio Benegas walinyamaza wote. Mtu aliyeshika wembe kooni mwako humbishii. Kibanda chake kilikuwa jirani na stesheni ya zamani, ile ambayo treni zake zimebaki kusimuliwa tu. Kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi lililojaa kutwa watu ambao hawakuja kunyolewa. Walikuja kunywa tereré. Pembe ya ng'ombe iliyojaa majani ya yerba ilizunguka mkono kwa mkono, ikiongezwa maji ya barafu, mrija mmoja kwa midomo yote, na mwenye kumimina alikuwa Fulgencio mwenyewe. Ukimkosea adabu, zamu yako inarukwa, na hakuna wa kumshitakia.

Kunyoa alinyoa kama walivyonyoa wazee wake: povu la sabuni, wembe mrefu, kisha dole gumba lipite shavuni taratibu kutafuta unywele uliobaki. Vijana walimcheka, wakaenda kwa wenye mashine. Wakifika siku ya harusi, walirudi kwake.

Mkewe, Ña Delmira, alikuwa mwanamke mfupi, mkali kama siki, na nyumba ile ilikwenda kwa sauti yake. Fulgencio alikuwa akisema benchini, “Mimi kwangu ndiye bwana, nimeruhusiwa,” na watu wakacheka. Walipendana, hilo usilitilie shaka. Walipendana kwa kugombana, kama watu wengi wa pale.

Basi ikaja ile damu chooni. Fulgencio aliificha miezi mingi, akajiambia ni bawasiri, akanywa kila jani aliloambiwa na Bonifacio, rafiki yake wa benchini, ambaye hajawahi kuponya hata kuku. Siku alipoanguka akifagia nywele, ndipo Delmira alipomkokota hadi hospitali kuu ya Asunción, huku akimtukana njia nzima na machozi yakimtiririka. Ikawa ni saratani ya utumbo mpana. Walimpasua wakakata kipande, wakaunga.

Daktari aliyempasua alisema mawili. La kwanza, uvimbe wameutoa wote. La pili, zitafuata dripu nane za kuua mabaki, moja kila baada ya wiki tatu, na vidonge vya kumeza nyumbani. Delmira aliposikia nane hakungoja afike nyumbani. Pale pale koridoni kulikuwa na kijisanamu cha Bikira wa Caacupé, yule mwenye kanisa lake juu mlimani, na joho lake la buluu. Akapiga magoti mbele ya wagonjwa na wafagizi.

“Mama,” alisema, tena kwa sauti, maana kusali kimoyomoyo hakuwahi kujua, “niachie huyu. Sikuombi kingine. Nitahakikisha anazimaliza zote nane, hata moja haitapungua, na siku yako tutaupanda mlima kuja kwako, mimi na yeye, miguu mitupu.”

Sasa, watu wa kule hawachezi na ahadi ya namna hiyo. Mwenye nyumba utamzungusha, shemeji utamkwepa sokoni, lakini Bikira wa Caacupé? Thubutu! Ukishamtamkia, umetamka.

Kumbe majibu ya maabara yalikuwa bado. Yalipotoka, waliitwa kwa daktari wa dripu, Daktari Riquelme, mwanamke kijana mwenye nywele zilizochomekwa penseli. Alikuwa anatabasamu.

“Don Fulgencio, nina habari njema. Tezi zote walizotoa zimechunguzwa, na ugonjwa umeonekana kwenye moja tu. Uvimbe nao haukuwa umevuka kwenda viungo vya jirani. Kwa hali yako, dripu nne zinatosha. Miezi mitatu badala ya sita.”

“Nne?” Delmira aliuliza. “Kwani dawa zimewaishia?”

“Dawa ipo, Ña Delmira. Tatizo dawa yenyewe inashambulia mishipa ya fahamu. Vidole vya mikono, nyayo. Ganzi inakuja na kuondoka, mwisho inaweza kuja isiondoke tena. Na kwa ugonjwa wa aina hii, matokeo ya nne na matokeo ya nane yanakaribiana sana.”

“Yanakaribiana.”

“Sana.”

“Lakini hayalingani.”

Maskini yule daktari alikuwa mkweli. Akasema hakuna anayeweza kuapa kwamba yanalingana sawasawa. Ah! Laiti angedanganya kidogo tu siku ile, mimi ningemsamehe. Kisha akamgeukia mgonjwa wake. “Wewe ni kinyozi. Nataka ukitoka hapa utoke na vidole vyako.”

Fulgencio alizitaka nne. Nje, kwenye kituo cha basi, alimwambia mkewe waziwazi.

“Delmira, umemsikia. Nne.”

“Nimemsikia.”

“Basi nne.”

“Nimeahidi nane.”

“Uliahidi mwili wa nani? Wako?”

Delmira alitazama barabarani akauma mdomo, na Fulgencio akajua anachokifikiria, akatamani aumeze ulimi wake. Kabla Zunilda, binti yao, hajazaliwa, walikuwa na mtoto wa kiume, Lucio. Alishikwa na homa kali, na Delmira akamwahidi Bikira kwamba mtoto akipona ataupanda mlima mwaka ule ule. Lucio akapona. Disemba, mwezi wa sikukuu ya Bikira, ilipofika Delmira alikuwa na mimba ya Zunilda, miguu imevimba, na Fulgencio mwenyewe ndiye aliyemwambia, ngoja mwakani, Bikira ni mama, ataelewa. Mwakani haikufika. Homa ilirudi baada ya Krismasi na Lucio wakamzika. Toka siku ile hawakuwahi kulizungumza, hata mara moja, na si kwa sababu walisahau.

Hata hivyo Fulgencio alijaribu kumgeuza nia. Alikwenda kwa Padri Arsenio bila kumwambia mkewe, akamweleza. Padri akasema kanisa lina ruhusa ya kuibadili ahadi kama hiyo, na kwamba Bikira hana haja ya kuhesabu chupa za dawa. Alikuja mpaka nyumbani kumwambia Delmira. Delmira alimkaribisha vizuri, akamkatia kipande kikubwa cha sopa, ule mkate wa mahindi na jibini, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Asante, Padri,” alisema. “Ila wewe hujawahi kuzika mtoto.”

Padri alimaliza sopa yake akaondoka. Usiniulize angesema nini. Mimi pia sijui.

Dripu zilianza mwezi wa tano. Ya kwanza ilimpa kituko ambacho benchi zima lilikicheka: aliinua pembe yake ya tereré, akafyonza mara moja, na koo likafunga kama aliyemeza vipande vya chupa. Akaiangusha pembe. Hata mrija wenyewe wa chuma ulimchoma vidole. Daktari alikuwa amemwonya asiguse cha baridi, lakini nani wa Ypacaraí anaisikia marufuku ya tereré akaichukua kuwa ya kweli?

“Mtieni ya moto!” Bonifacio alipiga kelele. “Kinyozi wetu ametuhama, amekuwa Mwargentina, mnywa yerba ya moto!”

“Nyamaza wewe, au nikuruke.”

“Utanirukaje na kumimina humimini tena?”

Kweli, kazi ya kumimina ilibidi aiachie Bonifacio. Yeye akakaa pembeni na kikombe chake cha maji moto, jasho likimtoka, akichekwa na kila mtu, na yeye akicheka. Ganzi ilikuja siku chache baada ya dripu, ikaondoka. Ilirudi na dripu iliyofuata, ikaondoka polepole zaidi. Baada ya ya nne, Daktari Riquelme alimpa mkono. “Hongera. Tumemaliza.”

“Bado nne,” alisema Delmira.

Walibishana mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mwishowe daktari alimtazama Fulgencio, si Delmira. “Huu ni mwili wako. Wewe unasemaje?”

Fulgencio alijitazama mikono. Alijua jibu analolitaka, nalo lilikuwa jepesi kusema. Kisha akamtazama mke wake, ambaye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amekaa kimya akimngoja. Ule uso ndio uliomshinda. Akasema, “Nane, daktari.”

“Sawa. Lakini kwa sharti moja. Siku ganzi itakapokaa isiondoke, unaniambia, na dawa hii naisimamisha siku hiyo hiyo. Mnanielewa?” Wakasema wanaelewa, wote wawili.

Kila walipokwenda, daktari alimpa mtihani mdogo: fungua vifungo vya shati, vifunge tena. Baada ya dripu ya tano, Fulgencio alikuwa akijiandaa kwenda kanisani, na kifungo cha kola kikamshinda. Alikitafuta kama mtu anayetafuta kitu ndani ya maji machafu. Delmira alikuwa mlangoni na kibeti chake. Alikuja akamfunga kile kifungo, na vingine vyote vilivyobaki. Siku ya kwenda hospitali, Fulgencio alikuta nguo zake zimewekwa kitandani kama kawaida. Mahali pa shati palikuwa na fulana ya kuvaa kichwani, isiyo na kifungo hata kimoja. Aliishika muda mrefu. Kisha akaivaa.

“Vidole?” daktari aliuliza.

“Vinawasha kidogo tu. Siku mbili, vinaacha.”

Na Delmira kando yake akaitikia kwa kichwa. Nimewaambia nini mimi? Walipendana. Watu wawili waliopendana walikaa mbele ya daktari aliyetaka kuwasaidia, wakamdanganya wakiwa wameshikana viwiko. Nikilifikiria hili hasira hunipanda, kisha hunishuka, kwa sababu mimi sikuwa nimekaa kwenye kile kiti.

Dripu ya nane iliisha mwezi wa kumi. Walichoma nyama ya asado, wakaita jirani, Delmira akacheza polka na Bonifacio. Fulgencio alikaa akingoja vidole virudi. Lakini dawa ile ina ubaya wake: ukishaiacha, ganzi huweza kuendelea kupanda kwa miezi. Ya mikononi ilipita vidole ikaingia viganjani, ya miguuni ikafika vifundoni. Alitembea akitazama chini, maana bila macho hakujua kama mguu umeshagusa ardhi. Gizani aliyumba na kushika kuta.

Kibandani alinyamaza, akaendelea kunyoa kwa kutumia macho. Siku moja Bonifacio alikuwa kitini, mdomo haufungi kama kawaida yake.

“Fulge,” alisema ghafla. “Hilo ni sikio langu, ndugu yangu. Nilikuwa nalihitaji.”

Benchi likacheka. Fulgencio akacheka pia, mpaka alipoona dole gumba lake. Damu ya Bonifacio ilikuwa imelifunika na kushuka mpaka kiganjani, na yeye hakuwa amesikia joto wala unyevu. Alichukua taulo akalikandamiza lile sikio. Akaufunga wembe. Hakuufungua tena.

Disemba ikafika, siku ya Bikira. Mwenye akili zake huupanda mlima wa Caacupé usiku, lami ikiwa imepoa. Wao hawakuweza, kwa sababu Fulgencio gizani hakuwa na miguu. Wakaondoka asubuhi, na kufikia saa sita walikuwa bado njiani, miguu mitupu, katikati ya maelfu ya watu na jua la kuchemsha maji. Delmira alirukaruka, akakimbilia majani ya pembeni, akamwagiwa maji miguuni na watu wa kujitolea. Fulgencio alitembea katikati ya lami, wima, hana habari.

“Mtazame mzee yule,” mtu mmoja alisema. “Hiyo ndiyo imani!”

Walifika. Delmira alilia mbele ya Bikira mpaka sauti ikamkauka, akashukuru, akashukuru tena. Walipokaa ukutani ndipo alipoona alama nyekundu kwenye vigae, zimefuata njia waliyokuja nayo. Akauinua mguu wa mumewe mapajani mwake. Ngozi ya unyayo ilikuwa imechubuka yote, imebaki nyama, na changarawe zimezama humo.

“Huumii?” aliuliza.

“Siumii.”

“Fulgencio, huumii?”

“Nimekwambia siumii, mwanamke. Kuna nini? Pabaya sana?”

Delmira aliukumbatia ule mguu kifuani, damu ikamlowesha gauni, akaomboleza kwa sauti mbele ya watu mpaka wakadhani amefiwa. “Nimekufanya nini? Mama Mtakatifu, nimemfanya nini huyu?” Fulgencio alimpapasa kichwani, akamwambia anyamaze, watu wanatazama. Hakumlaumu siku ile, wala hakumlaumu baadaye. Ndivyo alivyozidi kumwumiza.

Vidonda vilichukua miezi kupona. Delmira alivisafisha mwenyewe, asubuhi na jioni. Kuanzia hapo ukali ulimtoka. Alimfunga vifungo, akamkatia nyama, akampimia maji ya kuoga asije akajiunguza, na kila alichofanya alikifanya taratibu, kama anayeomba radhi. Fulgencio aliukosa ukali ule. Alimchokoza makusudi ili agombe.

“Supu haina chumvi.”

“Ngoja nikuongezee, mzee wangu.”

“Nimekwambia haina chumvi, bibi wewe! Nitukane basi!”

Hakumtukana. Alimletea chumvi.

Vipimo vya Fulgencio vilirudi safi, mwaka wa kwanza na wa pili. Daktari Riquelme aliposhika vidole vyake na kuvichoma kwa kijiti, na kujua alichofichwa, aliitoa penseli nywelani akaiweka mezani. Hakuwagombeza. Delmira alimuuliza kwa sauti ndogo kama ni zile nne za mwisho zilizomponya. Daktari akasema hajui. Huenda hata zile nne za kwanza zilikuwa zimemaliza kazi, huenda kisu peke yake kilitosha, na sasa hakuna mtu duniani wa kulijua hilo.

Kumbe wakati wote ule waliokuwa wakimpima Fulgencio, Delmira hakuna aliyempima. Presha yake ilikuwa juu na hakusema. Ilikuwa asubuhi ya baridi mwezi wa saba, anafua, akaanguka kando ya beseni. Upande wa kulia ulikufa wote, na maneno yakampotea. Mwanamke yule aliyesali kwa sauti maisha yake yote!

Zunilda alikuja kutoka Asunción na basi la kwanza. Alimkuta baba yake kando ya kitanda cha hospitali ya mji, ameuweka mkono wake ndani ya mkono wa kushoto wa mama, ule mzima. Muuguzi alikuwa akipita na sindano zake.

“Mwambie akubane, Don Fulgencio. Tujue kama anatusikia.”

“Delmira,” alisema, “nibane mkono.” Akangoja, macho kayaelekeza usoni kwa mkewe. Akatikisa kichwa. “Habani. Nimemwambia toka alfajiri. Habani, binti yangu, ameshaondoka.”

Muuguzi akasema pole, akaenda zake. Zunilda akasogea kumbusu mama yake, na hapo akaitazama ile mikono.

“Baba,” alisema. “Anakubana.”

“Nani?”

“Mama. Tazama.”

Fulgencio alitazama. Vidole vya Delmira vilikuwa vimeganda kwenye vyake, vifundo vimekuwa vyeupe kwa nguvu alizotia, kucha zimezama kwenye ngozi ya mumewe mpaka zimeacha alama. Hazikuwa alama za sasa hivi. Alikuwa amembana toka alfajiri, amembana saa zote zile alizosikia akiambiwa kwamba habani, kwamba ameshaondoka, na hakuwa na mdomo wa kumwambia yupo.

Fulgencio alilia kama sijui nani. Aliinama mpaka paji la uso likagusa shuka. “Nipo, Delmira. Nisamehe. Nipo, sikujua, nipo hapa.” Jicho moja la Delmira lilimfuata, nalo lilikuwa linatoa machozi.

Alipotulia alivuta kiti karibu, akamwita Zunilda upande wa pili wa kitanda.

“Kaa hapo, mwanangu. Mimi nataka kumtazama usoni, na siwezi kutazama usoni na mikononi kwa pamoja. Wewe nishikie mikono kwa macho. Akiniachia, uniambie.”

Wakakaa hivyo. Fulgencio alimweleza mkewe habari za benchini, uwongo wa Bonifacio, bei ya mihogo, mbwa wa jirani, yote aliyokuwa akimweleza jikoni. Alimwambia supu zake zote zilikuwa na chumvi ya kutosha. Alasiri alikuwa bado anaongea, uso kauinamia uso, wakati Zunilda alipofunika mdomo wake kwa mkono. Alimwacha baba yake amalize alichokuwa anakisema.

“Baba,” akamwambia. “Ameshakuachia.”